Gari Kuukuu na Kiu Yake ya Petroli



Juma hili tuongee juu ya jambo liwagusalo wengi wetu tukaao kando ya Ziwa, nalo ni gari kuukuu linywalo petroli kama ng'ombe arudiye kutoka malishoni wakati wa kiangazi. Wako wenye gari la biashara wachukuao dagaa na sangara kutoka Mwaloni, Kirumba. Wako wenye Land Rover ya zamani ipandayo njia za mawe kule vijijini. Wako na wale walioachiwa gari na baba zao, nao hawana moyo wa kuliuza. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei ya juu kabisa ya mafuta, na sisi wa Mwanza twajua kwamba bei yetu hupita ile ya Dar es Salaam, kwa kuwa petroli hutoka bandarini na kusafiri mbali mpaka itufikie.

Msomaji mmoja wa upande wa Nyegezi ameuliza swali. Asema ana gari dogo la kabureta ambalo umri wake wapita miaka 30. Lita moja humpeleka kilomita nane tu. Fundi amemwambia injini imechoka, haina budi kufunguliwa yote, na gharama aliyotajiwa yalingana na ada ya shule ya watoto wake wawili kwa mwaka mzima. Sasa amesikia habari za geji ya vakyumu, ya kwamba hupunguza ulaji wa petroli, naye ataka kujua kama ni kweli au ni hila ya wachuuzi.

Jibu fupi ni hili. Geji hiyo peke yake haipunguzi hata tone moja. Kipimajoto hakiponyi homa, lakini mwenye kipimajoto hujua kama mtoto ana homa au anadeka. Ndivyo ilivyo geji ya vakyumu. Ni shahidi. Hukuambia injini yako ina afya au haina, na hukuambia mguu wako wafanya nini juu ya pedeli ya mafuta. Atakayepunguza petroli ni wewe mwenyewe, ukisikiliza.

VAKYUMU NI KITU GANI?

Umepata kumwona mtoto akinywa soda kwa mrija? Akinyonya, soda hupanda. Ukiubana mrija kwa vidole naye akiendelea kunyonya, mashavu yake huingia ndani. Mvuto ule wa mashavu ndio vakyumu, au kama walimu wa shule wasemavyo, ombwe.

Injini ya petroli nayo hunyonya. Kila pistoni ishukapo huvuta hewa kupitia kabureta. Ndani ya kabureta mna kibati cha duara kiwezacho kufunga na kufungua njia, nacho huongozwa na mguu wako. Ukiachia pedeli, kibati hufunga karibu kabisa, na mvuto nyuma yake, yaani katika manifoldi, huwa mkubwa. Ukikanyaga mpaka chini, njia huwa wazi, hewa huingia bila kizuizi, na mvuto hupotea. Geji hupima mvuto huo tu. Ndani yake mna bomba jembamba la shaba lililopindwa. Hewa inyonywapo, bomba hujikunja na kuvuta mshale. Ufundi huo wa bomba lililopindwa ni wa Mfaransa Eugène Bourdon, wa mwaka 1849.

Alama za geji huandikwa kwa inchi za zebaki. Ni zebaki ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kukamatia dhahabu, nayo ni sumu kali. Lakini usiogope, ndani ya geji hii hamna zebaki. Jina tu limebaki tangu siku za Mwitalia Torricelli, aliyeonyesha katika karne ya 17 kwamba hewa ina uzito uwezao kuinua zebaki katika mrija wa kioo. Geji nyingine zina alama za kilopaskali. Basi zidisha inchi kwa 3.4 upate hesabu yake.

Neno moja kabla ya kwenda mbele. Haya yote ni ya injini ya petroli. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kibati kile cha kuzuia hewa, kwa hiyo geji hii haitakuambia lolote la maana. Mwenye dizeli asitoe fedha yake bure.

KITABU CHA ULAYA NA HEWA YA MWANZA

Hapa ndipo watu wengi wapoteapo, basi soma polepole.

Vitabu vya mafundi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani husema kwamba injini nzima, ikinguruma polepole bila kukanyagwa, yapasa kuonyesha inchi 17 mpaka 21, na mshale utulie. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Ingefaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Lakini Ziwa letu liko juu ya bahari kwa mita 1,134 hivi, yaani futi 3,700 na zaidi. Huku hewa ni nyepesi. Pwani ya bahari uzito wa hewa huinua zebaki karibu inchi 30. Huku kwetu ni inchi 26 hivi tu. Hewa ambayo injini yaihitaji ili ingurume polepole ni karibu ile ile, lakini hewa ya nje imepungua. Kwa hiyo tofauti baina ya nje na ndani, ambayo ndiyo geji ipimayo, hupungua pia.

Kanuni ya mafundi ni kutoa inchi moja kwa kila futi 1,000 za kupanda. Basi Mwanza, Musoma, Bukoba, na hata Kisumu kwa majirani zetu, utatoa karibu inchi nne. Injini ionyeshayo 18 Dar es Salaam itaonyesha 14 hapa, na wala haina ugonjwa. Kipimo chetu cha afya ni inchi 13 mpaka 17.

Waona hatari yake? Fundi mwenye kitabu cha kigeni aweza kuona 14, akatikisa kichwa, akakuambia injini imekufa. Nawe ukauza mbuzi, ukakopa, ukafungua injini iliyokuwa nzima. Sisemi kwamba fundi huyo ni mwongo. Huenda ni mtu mwema kabisa. Amesoma kweli, ila amesoma kweli ya mahali pengine.

NAMNA YA KUPIMA

Huna haja ya kununua geji ya kwako kwanza. Gereji kubwa huwa nayo, nawe waweza kuomba upimiwe ukiwa umesimama hapo hapo. Fanyeni hivi:

1. Endesha gari mpaka injini ipate moto wake wa kawaida. Injini baridi hutoa ushahidi wa uongo.

2. Simamisha gari mahali pa wazi, si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa petroli huua bila harufu ya kukuonya. Vuta breki ya mkono, weka gia huru, uzime injini. Usivae shuka wala nguo inayoning'inia karibu na feni.

3. Unganisha mpira wa geji kwenye tundu la manifoldi lililo chini ya kile kibati cha kabureta. Ukiunganisha juu ya kibati, mshale utalala kwenye sifuri injini ingurumapo polepole, nawe utadhani geji ni mbovu.

4. Washa, acha ingurume yenyewe, utazame mshale kwa dakika nzima. Usitazame namba peke yake. Tazama mwendo wake.

MSHALE WASEMA NINI

Mshale ukitulia baina ya 13 na 17, shukuru, na utafute sababu ya ulaji wa petroli mahali pengine.

Ukitulia lakini chini, tuseme 10 au 11, mara nyingi taimingi ya moto imechelewa. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi kwenye distributa, wala haihitaji kufungua injini.

Ukiwa chini sana, 8 au pungufu, na injini yanguruma kwa shida, shuku kwamba hewa yaingia kwa njia ya wizi. Mpira umepasuka, au gasketi ya kabureta au ya manifoldi imeachia. Bana mipira kwa koleo mmoja mmoja. Ukibana wenye ufa, mshale utapanda. Kwenye gasketi nyunyiza maji ya sabuni kidogo usikilize kama sauti yabadilika. Wako wanyunyizao petroli juu ya injini yenye moto ili kutafuta ufa. Jambo hilo limekatazwa na akili! Gari laweza kuwaka na fundi pamoja nalo.

Mshale ukishuka kidogo kwa vipindi sawasawa, kama mtu asinziaye, vali moja haifungi vizuri. Ukitetemeka upesi upesi injini ingurumapo polepole, kisha ukatulia ukikanyaga, miongozo ya vali imelika. Ukielea pole pole huku na huku, kabureta yataka kurekebishwa.

Ukikanyaga ukashikilia mwendo wa kasi kiasi, na mshale ukaanza vizuri kisha ukazidi kushuka, eksozi imeziba. Gari haliwezi kuvuta pumzi ikiwa haliwezi kuitoa.

Mwisho ni jaribio la ringi za pistoni. Kanyaga ghafula, uachie mara moja. Mshale utaanguka karibu na sifuri, kisha utaruka juu kupita mahali pake pa kawaida kabla ya kutulia. Pwani ya bahari huruka mpaka 25 hivi. Huku kwetu tarajia 21 hivi. Ukirudi tu kwa uvivu bila kuruka, ringi au silinda zimelika, na hapo fundi anayetaka kufungua injini ana haki ya kusikilizwa. Lakini hata hapo mwombe apime na mgandamizo wa kila silinda kabla hujatoa fedha. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja.

Ndugu yetu wa Nyegezi, hili ndilo neno langu kwako. Usikubali wala usikatae kufungua injini mpaka mshale umesema. Yawezekana fundi wako amepata. Yawezekana pia ni mpira mmoja uliochakaa kwa jua, ambao bei yake haifikii hata daftari za watoto wako. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini na ukuta usijengwe pale palipotaka kuzibwa ufa tu.

KUENDESHA KWA KUTAZAMA GEJI

Baada ya mwaka 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta na bei ikapaa duniani, magari mengine ya Marekani yalianza kuuzwa yakiwa na geji hii kwenye dashibodi, ili dereva aone mguu wake wafanya nini. Nawe waweza kuifunga. Tumia mpira mnene usiobonyea, uupitishe mbali na eksozi, na mahali upenyapo kwenye bati uwekewe kizuizi cha mpira usikatwe. Kiungo cha njia tatu kiwekwe kwenye mpira mwembamba wa vakyumu. Usikate bomba linalokwenda kwenye breki, kwa sababu utakayoyasoma hapo chini.

Sasa fikiri uko njiani kwenda Magu. Barabara ni sawa, mzigo ni wa kiasi. Kanyaga taratibu mpaka upate mwendo wako, kisha legeza mguu kidogo kidogo huku mshale ukipanda, mpaka utakapoona gari laanza kupoteza mwendo. Rudisha kidogo, ukae hapo. Wengi hushangaa kuona walikuwa wakikanyaga zaidi ya ilivyohitajiwa.

Kilimani, kama kupandisha Bugando, mshale utashuka, hapana budi. Lakini jitahidi usilale chini ya 6 kwa muda mrefu. Kabureta nyingi zina mlango wa pili ambao hufunguka mvuto upunguapo mpaka 5 hivi au 8, zikaongeza petroli ili injini ipate nguvu. Sisi wa huku juu tuna hasara moja zaidi: kwa kuwa mvuto wetu wote ni mdogo, mlango huo hufunguka mapema kuliko pwani. Tena kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya bahari huku hutoa petroli nyingi kuliko hewa ipasayo. Mwombe fundi aitazame. Plagi zenye masizi meusi makavu ni dalili yake.

Lakini angalia, mshale nao waweza kukudanganya! Ukienda kwa gia ya tatu badala ya ya nne kwa mwendo ule ule, mshale utapanda, nawe utafurahi bure. Injini sasa yazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na petroli yatumika zaidi, ijapokuwa geji yasifu. Basi linganisha mshale katika gia moja tu. Panda gia ya juu mapema kadiri injini iwezavyo bila kugonga wala kutetemeka, ndipo uanze kusoma geji.

ROHO NI GHALI KULIKO PETROLI

Nimesikia vijana wakijisifu kwamba mteremkoni huzima injini ili wapate kilomita za bure. Ndugu zangu, mvuto huu tuliouzungumza ndio usaidiao mguu wako kwenye breki katika magari mengi. Ukizima injini, akiba ya mvuto iliyobaki hutosha kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo pedeli huwa ngumu kama jiwe la Bismarck. Tena katika magari mengine usukani hufungika ufunguo ugeuzwapo mpaka mwisho. Mtu akiteremka Isamilo kwa namna hiyo, na watoto wa shule wavuka njia chini, ameokoa petroli ya shilingi ngapi?

Kuteremka kwa gia huru nako ni kubaya, maana injini haishiki gari, na breki hupata moto mpaka zikalegea. Tena wenye magari ya sindano, yasiyo na kabureta, wajue ya kwamba magari hayo mengi hukata petroli kabisa yakiteremka ndani ya gia huku mguu umeachiwa. Ukiweka gia huru, injini yaanza tena kunywa ili isizime. Basi kushuka ndani ya gia ndiyo salama, na katika magari hayo ndiyo nafuu pia.

KALAMU NA DAFTARI

Utajuaje kama umefaulu? Si kwa kukisia. Jaza tangi pomoni kwenye kituo kimoja, uandike kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha kilomita 300 hivi. Rudi kituo kile kile, pampu ile ile, jaza tena pomoni, uandike lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu, kwa sababu mara moja yaweza kuwa bahati, au mvua, au foleni ya Igoma.

Sasa hesabu. Tuseme gari lako latembea kilomita 1,200 kwa mwezi, na kwa urahisi wa hesabu tuseme lita ni shilingi 3,000. Kwa kilomita 9 kwa lita utanunua lita 133 na kitu. Kwa kilomita 10 utanunua 120. Tofauti ni shilingi 40,000 kila mwezi, na kwa mwaka 480,000. Kilomita moja tu juu ya lita! Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ni sare, viatu na daftari.

Wala usisahau mambo madogo ambayo geji haiyaoni. Chujio la hewa lililojaa vumbi, tairi zisizo na upepo wa kutosha, breki zinazosugua gurudumu likiwa huru, na mizigo ikaayo ndani ya gari mwezi mzima bila kazi, yote hunywa petroli kimya kimya. Siku ile umpelekapo fundi kupima vakyumu, mwambie ainue gari kwa jeki na kuzungusha kila gurudumu kwa mkono, naye afungue chujio mbele yako. Kisha mlete nyumbani mwenzako uliyeoana naye daftari ile ya lita na kilomita, mkaisome pamoja, maana fedha ya petroli na fedha ya unga hutoka mfuko mmoja.

Juma lijalo tutaongea juu ya tairi: upepo wake, umri wake, na jinsi ya kusoma tarehe iliyochapwa ubavuni kabla ya kununua tairi la mtumba. Mwenye swali na alilete.